Sifa za Bomba Lisilokwenda Popote

Katika vyote vinavyokutwa ndani ya jengo siku ya ukaguzi, hakuna kinachoonewa kama bomba lisilojulikana linakotoka wala linakokwenda. Ufa wa ukutani hupigwa picha, paa linalovuja huandikiwa ukurasa mzima, hata mchwa hutafutiwa dawa. Bomba hili huguswa kwa ncha ya kiatu, mkaguzi akauliza, "Na hili je?", na mwenyeji akainua mabega. Ukitaka kuliona katika enzi yake, nenda Zone Industrielle ya Bujumbura, kwenye maghala na karakana zisizo mbali na bandari. Kiwanda na ghala vilikuwepo katika mji huu tangu ukiitwa Usumbura, ambamo kampuni ya bia ya Brarudi ilianzishwa mwaka 1955. Tangu uhuru wa Burundi wa 1962 jengo moja huweza kuwa ghala la kahawa, kisha gereji, kisha ofisi yenye vigae na kiyoyozi. Wapangaji huondoka na mashine zao. Bomba hubaki.

Basi nalisifu, na sababu yangu ni moja: ndilo shahidi pekee ndani ya jengo asiye na faida yoyote ya kusema uongo. Ramani hupotea au huchorwa upya ipendeze. Dalali ana asilimia yake, na rangi mpya kazi yake ni kuficha. Bali bomba la chuma ni ghali na ni zito. Hakuna aliyewahi kulipandisha melini Kigoma, baada ya safari ndefu ya reli kutoka Dar es Salaam, ili limchekeshe mkaguzi wa kesho. Kila bomba lisilo na kazi leo lilikuwa na kazi siku lilipolipiwa, na anayelitazama kwa makini ataisoma. Kwenye uzi wa kiungo, nyuzi za katani zilizoganda kwa rangi ni mkono wa fundi wa mtindo wa zamani. Utepe mweupe ni wa fundi wa juzi. Plastiki iliyobandikwa kwa gundi juu ya chuma chenye kutu ni ya yule aliyeitwa Jumamosi jioni na kuambiwa amalize kabla ya Jumatatu. Kipande kidogo kilichosimama wima kando ya koki na kuzibwa juu hakikusahauliwa na mtu: ndani yake kuna hewa inayopokea kishindo cha maji koki inapofungwa ghafla. Bomba linalopanda hadi juu ya paa bila kumwaga tone huingiza hewa kwenye mfumo wa maji taka, ili maji yaliyo katika kona ya choo yasifyonzwe na harufu ikapata njia. (Wengi wamelikata wakidhani ni ubadhirifu, kisha wakanunua marashi.)

Watapinga watu wa afya, nao wana haki ya kusikilizwa. Maji yaliyotuama katika bomba lisilotumika huota vijidudu. Legionella, iliyowaua wageni wa hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976, hupenda maji vuguvugu yaliyolala, na Bujumbura haina uhaba wa joto. Nakubali bila ubishi. Lakini ajuaje mtu kwamba bomba lina maji, kama hajaliuliza kwanza? Hatari haiko katika bomba lisiloeleweka. Iko katika kuliziba upande mmoja na kuacha upande wa pili umeungwa na maji ya kunywa. Mhasibu atauliza faida iko wapi. Nitamjibu kwamba bomba hilo halidai mshahara wala mita, na halijawahi kugoma maji ya shirika la Regideso yanapokatika, kwa kuwa hata yakiwepo halitoi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mengine hayana maana kweli, ni makosa tu ya fundi. Hata kosa hueleza: huonyesha ukuta ulihamishwa kutoka wapi na bajeti iliisha mahali gani. Tena mji huu una jambo ambalo vitabu vya ufundi vya wakoloni wa Brussels havikulijua vyema. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena 2021 na 2024, na maji yakaingia mitaa ya pwani. Valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, ikionekana kwenye bomba la maji taka la ghala la chini, huonekana kichekesho wakati wa kiangazi. Ziwa likivimba ndipo hufahamika iliwekewa nani.

Kwa hiyo, ndugu mkaguzi, kabla fundi hajaleta msumeno, funga koki zote na utazame sindano ya mita: ikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanakwenda. Fuata bomba mpaka mwisho wake, lipake alama ya rangi, uandike kwenye ramani lilipoanzia na lilipoishia. Usipopata jibu, andika kwamba hukulipata, na uliache mahali pake.