Kuipima galatoni ya babu

Ukaguzi wa gitaa kavu la zamani huanza mwenyewe akiwa bado anasimulia. Karibu kila gitaa linalotolewa uvunguni lina hadithi ileile: babu alilinunua mjini kabla ya uhuru, mzungu fulani akalitaka akanyimwa, na tangu siku hiyo halijaguswa. Mkaguzi husikiliza kwa adabu huku mkono ukipapasa shingo. Umri peke yake haupandishi bei. Uvunguni humohumo kuna viatu vya umri huohuo.

Kwanza ni kulitambua. Tanzania gitaa kavu lolote huitwa galatoni, jambo ambalo limewapa watu wengi matumaini yasiyo na msingi. Jina lenyewe limetokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ileile iliyotoa santuri za mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Kwa hiyo shahidi ni kibandiko kinachoonekana kupitia tundu la sauti, si kauli ya ukoo. Gitaa la Martin la Marekani halina usumbufu: namba iliyogongwa ndani, pale shingo inapoungana na tumbo, hulinganishwa na orodha ya kiwanda inayoanzia 1898, na mwaka ukajulikana. Galatoni ambayo kibandiko chake kililiwa na mende haina cheti cha kuzaliwa.

Baada ya hapo ni shingo. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kama vile mtu mzima amening'inia hapo usiku na mchana kwa miaka 60. Shingo huinama, uso huvimba nyuma ya daraja, nyuzi nazo hupaa. Rula husimamishwa kwenye freti ya 12. Pengo la milimita 2 au 3 halina neno. Likifika 6, shingo inataka kung'olewa na kupachikwa upya, na kwa gitaa la bei ya chini kazi hiyo huzidi thamani ya gitaa zima. Mwenyewe atasema babu alikuwa na vidole vya nguvu. Ni kweli, hakuwa na hiari.

Ndani ndiko kwenye mambo. Nyuzi hulegezwa, kisha kioo kidogo na tochi ya simu hupitishwa tunduni kutazama mbavu, yaani vile vijiti vya mbao vilivyogandishwa chini ya uso ili usibonyee. Mkono mmoja una kioo, wa pili una simu, na jasho lipo. Simu huponyoka. Hapo mkaguzi mwenye heshima zake huonekana uani amelipindua gitaa juu chini, analitikisa kama mtoto anayeiba sarafu kwenye kibubu, na kinachodondoka ni kijiti cha kiberiti, kipande cha penseli kilichokuwa kikifungwa shingoni kupandisha sauti, na mayai ya mende. Busara ni kuazima simu ya jirani na kuipigia ile iliyomo. Kipimo hiki hakimo vitabuni, lakini hakidanganyi: mlio ukitoka mnene, uso bado una uhai, ukifuatana na mtatariko, kuna ubavu umebanduka, na sikio likiinamishwa litajua ni upande upi. Wasiotaka kupoteza simu hugonga uso kwa kidole na kusikiliza vivyo hivyo.

Ufa haupaswi kumtisha mtu. Ufa msafi uliofuata mistari ya mbao huzibika, na fundi mzuri huuacha ukionekana kidogo tu. Anayeharibu bei ni yule fundi wa nyumbani mwenye moyo mwema, aliyeuziba ufa kwa gundi ya viatu akaongeza skrubu mbili za bawaba, kisha akaona rangi imebaki baada ya kupaka geti. Katika soko la magitaa ya zamani, kupakwa rangi upya hukata karibu nusu ya thamani, hata pale mpakaji anapokuwa stadi. Bluu ya geti yenye manyoya ya brashi ndani yake hukata zaidi. Funguo za kukazia nyuzi nazo zikivunjika hukazwa kwa koleo, na yako magitaa yanayouzwa pamoja na koleo lake.

Ikibaki bei, mjukuu hutoa simu yake na kuonyesha kwamba Gallotone Champion ya John Lennon, yenye kibandiko cha kuhakikisha kwamba haitapasuka, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1999 kwa pauni 155,500. Habari ni ya kweli. Pesa ile ililipiwa mikono iliyoishika, na mikono ya babu huhesabiwa iwapo ipo santuri au picha inayomwonyesha na gitaa hilohilo. Galatoni isiyo na ushahidi huo, ila ina shingo iliyonyooka, mbavu zake zote na kibandiko kinachosomeka, inauzika kwa mtu anayeipenda. Iliyopakwa rangi ya geti irudishwe uvunguni, ila simu itolewe kwanza.