Mhadhara wa Mtume, Daktari na Mwenye Maono Kuhusu Kuwatia Wengine Moyo

Watu wa Kasongo! Somo la leo ni namna kiongozi Mkristo anavyowatia wengine moyo, na hoja yangu ni moja: moyo hutoka juu ukashuka chini kama mvua, wala haujawahi kuonekana ukipanda. Anayetaka kujua kama watu wana moyo asihangaike kuwatazama watu, amtazame kiongozi. Ana cheo? Ana suti ya vipande vitatu katika joto hili? Jina lake limeandikwa kwa herufi za ukubwa gani? Kwenye bango la semina hii nimetangulizwa kama Mtume, Daktari na Mwenye Maono, na Yesu naye amepata nafasi yake kule chini, jirani na namba ya kutuma pesa kwa simu. Wapo wanaonong'ona kwamba huo si unyenyekevu. Nawajibu: unyenyekevu ni fadhila ya siri, na wangu nimeuficha vizuri hata mke wangu hajauona.

Ushahidi wa hoja yangu hauko mbali, uko hapo Kabambare. Mmisionari David Livingstone alifika huko Septemba 1869. Yeye alikuwa daktari wa kutibu wagonjwa, nami ni daktari wa daraja la juu zaidi, lile lisilohitaji mtihani. Juni 1870 alitaka kuondoka kwenda kuutafuta mto Lualaba, akawatia watu wake moyo hata wakamkimbia wote isipokuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Mnaona watatu ni wachache? Bwana mwenyewe kule Gethsemane aliwachukua watatu, nao wakalala usingizi. Hawa wa Livingstone hawakulala, jambo ambalo, nikilitafakari, halinisaidii, basi tuliache. Vidonda vya miguu vikamrudisha Kabambare, akafungiwa ndani ya kibanda siku 80. Akiwa katika nchi hii ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa maji ya mmea aliopewa na wenyeji. Semina hakufanya hata moja, wala bango hakuwa nalo, na hapo ndipo ninapouona udhaifu wake kama kiongozi.

Msomi mmoja wa shaka, na Kasongo haijawahi kuwakosa, atauliza: aliyekuwa hoi namna ile, nani alimsaidia? Kwa kuwa mimi ni mtu wa ukweli, nitajibu kwa sauti ndogo. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Muhammad Bogharib, Mwislamu, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, biashara ileile ambayo Livingstone aliichukia na kuipinga kwa maandishi hadi kufa. Mwanzoni mwa 1869, kabla hajafika Kabambare, nimonia ilipomlaza, ni msafara wa Bogharib uliombeba kitandani kuelekea Ziwa Tanganyika. Wengine wangesema hapa moyo ulitoka upande usiotarajiwa. Mimi nasema Bogharib alitiwa moyo na Livingstone bila mwenyewe kujua. Hata ndugu zetu Waislamu waliotuazima mashini ya umeme inayoendesha maikrofoni hii wametiwa moyo na mimi, ingawa walikuwa hawajaniona.

Kisha, Februari 1871, wakafika Kabambare watu kumi waliotumwa kutoka Zanzibar na John Kirk wa ubalozi wa Uingereza. Hawa waligoma kusonga mbele mpaka walipoongezewa mshahara, na njiani hawakuacha kumsumbua. Fundisho ni wazi: pesa huua wito. Kwa hiyo kwaya isiniulize habari ya nauli. Bahasha yangu si pesa, ni shukrani, na kiasi cha shukrani tulikwisha kukubaliana kabla sijapanda gari.

Pingamizi la mwisho ni la Sechele, mtemi wa Wakwena kule kusini, ambaye Livingstone alimbatiza mwaka 1848. Huyo ndiye mwongofu wake anayejulikana, naye baada ya miezi michache alizuiwa kushiriki meza ya Bwana. Akaendelea mwenyewe kuwafundisha watu wake Biblia na kuwaongoza katika sala, bila msimamizi, bila cheti, bila kuniuliza. Kuzaa matunda kwa utaratibu mbovu namna hiyo hakuhesabiwi.

Afadhali nimalizie kwa kijiji cha Chitambo. Livingstone alikufa hapo Mei 1873, na wafuasi wake, pasipo amri ya mtu yeyote, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba pamoja na madaftari yake mpaka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 iliyofika pwani Februari 1874. Ni kazi kubwa kuliko zote walizomfanyia, na aliyewaongoza alikuwa amenyamaza kabisa, mbinu ambayo binafsi siipendekezi. Aprili akazikwa katika kanisa la Westminster, Uingereza. Jacob Wainwright, mmoja wa wafuasi hao, alikuwapo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka huohuo, maziko yakiwa yamekwisha. Ndipo Horace Waller, aliyekuwa akiyatengeneza madaftari yawe kitabu, alipowaketisha wamweleze yaliyotokea. Na kitabu kilipotoka, jina gani lilikuwa kubwa juu ya jalada? Mnaona sasa kwamba hata mimi na bango langu tunafuata desturi ya wakubwa.

Kijana wa kwaya ashushe mkono, muda wa maswali umeliwa na utangulizi wa vyeo vyangu. Lakini asiketi. Barabara ya Kabambare ina matope, gari langu limezama tangu asubuhi, na nahitaji watu watatu wa kulisukuma, wenye moyo.