Yowe Halina Nenosiri: Barua ya Wazi kutoka Tindiga

Kwa Mkurugenzi,
Kitengo cha Mifumo na Ubunifu,
Ghorofa ya juu kabisa,
Mjini.

YAH: KUSHINDWA KUZAMA KWA KUFUATA UTARATIBU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunawapongeza kwa programu yenu ya kuomba msaada, ambayo afisa mwenye fulana mpya alikuja kutuzindulia chini ya mwembe, akatugawia kofia, akaondoka kabla mawingu hayajafunga. Kofia ni nzuri. Hazijawahi kugoma hata siku moja.

Ninachoandikia ni ile programu.

Sisi wa Tindiga, Wilaya ya Kilosa, ni watu wa bondeni. Mpunga wetu unapenda maji, na maji yanatupenda sisi: masika ikikolea, Mto Miyombo huja kutusalimia mpaka jikoni. Kwa wilaya hii si jambo geni. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani na kuikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa hiyo mtu akija na njia ya haraka ya kuita msaada tunamsikiliza, hata kofia zikiisha.

Masika iliyopita maji yaliingia kwa bibi yangu saa nane usiku. Nikaikumbuka semina ya chini ya mwembe. Nikampandisha bibi juu ya meza, nami nikapanda kwenye kinu, nikashika simu janja ya shemeji, chaji asilimia 19, nikaifungua programu.

Ikataka nijisajili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kitambulisho kilikuwa sandukuni, na sanduku lilikuwa limeshaanza safari ya kwenda mpungani. Nashukuru shemeji alikuwa ameihifadhi yake simuni, nikawa shemeji. Likafuata nenosiri: liwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama maalumu. Nikaandika "Maji1!". Likakataliwa kwamba ni dhaifu. Mheshimiwa, nawahakikishia, maji yale hayakuwa dhaifu.

Kisha picha ya uso. "Simama penye mwanga wa kutosha, usitikisike." Nilitikisika.

Kisha nithibitishe kwamba mimi si roboti, kwa kuchagua picha zote zenye taa za kuongozea magari. Hapa nilimwomba bibi msaada, maana macho yangu yalikuwa yameingia maji. Bibi hajawahi kuona taa ya kuongozea magari. Barabara kubwa anayoijua ni ile ya Zambia, inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na pale anayesimamisha magari ni tembo. Mngetuuliza tembo tungefaulu mara ya kwanza. Tulifaulu ya nne, kwa kubahatisha, kama roboti.

Tukafika kwenye "Aina ya Msaada". Mlitupa Mtaji, Mafunzo, Lishe, Ushauri Nasaha na Nyingine. Maji ndani ya nyumba hayakuwemo. Hata ng'ombe kuingia kwenye mpunga hakumo, na aliyetengeneza orodha ya matatizo ya Kilosa bila kuweka ng'ombe na shamba, basi Kilosa ameiona dirishani, treni ikiwa haijasimama. Nikagusa "Nyingine". Ikanijibu: "Eleza kwa maneno yasiyopungua 100." Nilikuwa nayo mawili: tunazama, njooni.

Nayarefusha mawili yale kama mwanafunzi anayejazia insha, mara naambiwa niweke alama mahali nilipo. Ramani yenu ya Tindiga ni ukijani mtupu, bila njia, bila shule, bila watu. Kidole kilikuwa na maji, alama ikateleza ikaangukia ndani ya hifadhi. Kama kuna msaada uliotumwa usiku ule, naamini tembo wameupokea.

Nilipotaka kuirudisha, kioo kikageuka cheupe, yakatokea maandishi mekundu. Bibi, ambaye kusoma alijifunzia elimu ya watu wazima na hadi leo husoma kwa sauti, akasoma: "Muda wako umekwisha."

Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, kumbe siku hizi wanatuma kwa simu?" Akaanza kugawa urithi. Kuku wawili, jembe, na deni analomdai mama mchungaji.

Ndipo nilipopiga yowe.

Yowe, Mheshimiwa, ni mfumo wa zamani. Hauhitaji bando. Watu hufika kwanza, maswali huja baadaye. Programu yenu ilianza na maswali, ikaishia hapohapo. Jirani alikuja na kamba, vijana wakaja na mpira wa tairi la trekta, mwenyekiti wa kitongoji akafika amejifunga taulo, na hakuna aliyetaka kujua kama sisi ni roboti. Kabla ya alfajiri tulikuwa darasani kwenye shule ya mlimani, tumekauka nusu.

Saa nne asubuhi simu ya shemeji ikalia. "Umeridhika na huduma yetu? Tupe nyota 1 hadi 5." Bibi akasema usiku ule nyota hazikuonekana.

Sidai kwamba simu haifai. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, watu wachache waliunda tovuti ya Ushahidi kwa siku chache tu. Raia akituma ujumbe mfupi, tukio lilionekana kwenye ramani. Na Januari 2010, mwezi uleule Kilosa ilipokuwa majini, tetemeko liliibomoa Port-au-Prince, na Wahaiti wakatuma ujumbe wa bure kwenda namba 4636, kwa Kikrioli chao. Wenzao walioko ughaibuni wakautafsiri na kuubandika ramanini. Kazi ya kutafsiri na kutafuta mahali ilifanywa na aliyekaa pakavu, si na aliye chini ya kifusi.

Hapa kwetu M-Pesa ilifika 2008 na kitochi kikaiweza. Serikali yenyewe ina menyu ya *152*00# isiyodai simu janja. Nanyi mkaenda mkatengeneza kitu kinachomfaa mtu mwenye chaji, mwanga, mtandao, kitambulisho na utulivu wa moyo. Huyo anaomba msaada wa nini?

Ombi letu ni dogo. Tupeni namba fupi, ya bure, inayopokelewa na binadamu anayejua Tindiga iko wapi. Picha na nenosiri tutakuja kuvijaza kiangazi. Na kabla ya kuzindua toleo la pili, njooni mlijaribu hapa mwezi wa nne, saa nane usiku, mkiwa juu ya kinu. Kinu tutawaazima. Mwenye duka la kuchajia simu hufunga saa kumi na mbili jioni, mje mmeshachaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mpunga, Tindiga.

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji (abandike mwembeni).
Bibi (asomewe, ila ule mstari mwekundu urukwe).