Nyanya Mmoja, Kazi Saba: Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Vitabu vya historia vinaikumbuka Lodwar kwa sababu Jomo Kenyatta alihamishiwa huko mwaka 1959 akiwa kizuizini. Sisi tunaikumbuka kwa ajili ya Ata, nyanya yetu, aliyefiwa na mume mapema akabaki na watoto, mbuzi na jua la Turkana. Hizi hapa kazi zake saba: tuanze na ya saba, tushuke hadi ya kwanza, ambayo ndiyo nzito kuliko zote.

7. Alijenga nyumba. Kwa Waturkana, nyumba ni kazi ya mwanamke. Alichimba mashimo, akapinda fito, akaezeka makuti ya mkoma. Mwenye nyumba, fundi na mbeba fito walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo hakuna fundi aliyetoroka na malipo ya awali!

6. Alisaka maji. Alipohamia Kakuma, aliukuta mto Tarach umekauka, kama ulivyo sehemu kubwa ya mwaka. Alishuka ndani ya shimo la mchangani, akachota kikombe, akangoja maji yajikusanye, akachota tena, mpaka mtungi wa lita 20 ukajaa. Akaubeba kichwani, na bado alikuwa na pumzi ya kutugombeza hadi nyumbani.

5. Aliuza kuni. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi kutoka Sudan walikuwa na unga wa mgao bila kuni. Ata alikuwa na kuni bila unga. Hapo mkalimani wa nini? Kiarabu chake kiliishia kwenye namba, na namba hizo zilitulaza tumeshiba.

4. Alisuka vikapu. Alilowesha makuti ya mkoma, akayachana membamba, ncha moja akaishika kwa meno huku vidole vikizunguka kitako cha kikapu. Usiku hakuhitaji taa, vidole vilijua njia. Sare yangu ya darasa la kwanza ilianza maisha kama kikapu.

3. Aliuza mbuzi wake. Mwenye mifugo haoni rahisi kumtoa mbuzi jike mwenye maziwa. Yeye alimtoa, karo ikalipwa. Ukame wa mwaka 2011 ulipopunguza zizi, alisema, "Mbuzi amekufa, lakini aliyesomeshwa na mbuzi yuko hai." Mjadala ukaisha.

2. Aligawa pesa za uzee. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, ulipowafikia wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi zilikuwa za kumtunza yeye. Zilinunua unga, madaftari na dawa za jirani. Kilichobaki kikanunua tumbaku, na hapo hakutaka ushauri wa mtu.

1. Alikataa familia itawanyike. Babu alipofariki, ukoo ulishauri watoto wagawanywe, kila mmoja kwa jamaa tofauti. Ata aliwasikiliza wazee kwa heshima, akawapa chai, kisha akajibu: "Watoto hawagawanywi kama mbuzi wa mahari." Wote wakala sufuria moja. Nyumba, maji, kuni, vikapu, vyote vilikuwa gharama ya sentensi hiyo.

Turkana imejaa wanawake wa aina hii, na wengi hawajaandikwa popote. Kama wako bado yuko hai, usingoje matanga ndipo umsifu. Mpigie leo, na ukienda kumwona usiende mikono mitupu: majani ya chai, sukari na tumbaku.