Ukongwe wa Kiwandani

Mwaka 1957 Omega ya Uswisi ilitoa saa tatu za watu wa kazi: Speedmaster ya madereva wa mashindano, Seamaster 300 ya wapiga mbizi, na Railmaster ya wanaoshinda karibu na sumaku. Mwaka 2017 ikazitoa upya, 3,557 za kila aina, baada ya kuzipiga skani za zamani ili mpya zifanane nazo.

Hata uchakavu umeigwa! Rangi ing'aayo gizani, ambayo kwenye saa kuukuu hufifia na kuwa manjano kwa miaka mingi, kwenye hizi mpya imepakwa ikiwa tayari na manjano hayo kiwandani.

Seamaster mpya inahimili kina cha mita 300. Nyingi, bila shaka, hazitavuka kina cha sinki la kunawia.