Jinsi ya Kumwibia Pandikizi la Mtu Mkanda Wake

Rafiki yangu, una kilo 80 na roho yako iko kwenye mkanda mkubwa wa mieleka ya kulipwa. Achana na vyuma. Hata unyanyue mpaka alfajiri, Brock Lesnar, lile jitu la WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, huwi. Sogea nikupe njia ya mkato.

1. Ingia uzani mwepesi bila kununa. Kule Japani, kampuni ya mieleka ya New Japan ina mkanda wa wepesi tangu 1986, na kikomo chake ni kilo 100. Humo utapata mtu wa kimo chako, anayejua kukudaka ukiruka kutoka kamba ya juu. Marekani nako wepesi wamewahi kutamba: Oktoba 26, 1997, Las Vegas, mwanamieleka Rey Mysterio aliweka rehani barakoa yake, mpinzani wake Eddie Guerrero akaweka mkanda wake wa wepesi. Pambano kuu la usiku ule lilikuwa la Hulk Hogan na Roddy Piper. Linalosimuliwa mpaka leo ni la wale wadogo.

2. Usizeekee humo. Mabosi hupenda wepesi wafungue ukumbi, kisha wawapishe wenye misuli. Mwaka 2007 WWE ilimpa Hornswoggle, mchekeshaji wa kipindi, mkanda wa wepesi, na mwaka huohuo ikaufuta.

3. Sasa iba, lakini iba kwa ufundi. Subiri refa ageuke. Mrushie mpinzani kiti cha chuma, kisha jitupe chini ushike kichwa. Atakidaka tu, mtu akirushiwa kitu hudaka. Refa akirudi anaona jitu limeshika chuma na wewe unagaagaa, anadhani limekupiga. Hiyo ni kazi ya Eddie. Februari 2004 alimvua Lesnar ubingwa, na mwezi uliofuata, New York, akautetea mbele ya Kurt Angle, bingwa wa Olimpiki anayesifika kwa kunyonga vifundo vya miguu. Eddie alilegeza kamba za buti lake mapema. Angle akakamata mguu, akanyonga, buti likambakia mikononi. Kabla hajalitupa alikuwa ameshakunjwa, mabega chini: moja, mbili, tatu!

Mtaji wako ni majivuno ya mkubwa: haamini kwamba mdogo atathubutu. Na kwa kuwa mshindi wa mchezo huu hupangwa, unayemwibia hasa ni bosi anayeamini tiketi zinauzwa na misuli. Ukumbi ukishalipuka kwa jina lako, hana la kufanya.

4. Mkubwa mmoja akikushinda, omba wawili. Karibu na Chicago, Aprili 2006, Mysterio aliwekwa ulingoni pamoja na Angle na Randy Orton. Waache waumizane, wewe vuta pumzi, kisha mlalie aliyechoka. Mysterio alimlalia Orton, akatoka na ubingwa wa dunia wa uzani wa juu.

Ukiushika mkanda, fanya jambo moja la haki: mbane bosi awape vijana wa uzani mwepesi pambano la mwisho la usiku.