Mama na Bustani ya Mafuriko

Mama yangu ana kanuni moja kuhusu maji: yakituama karibu na nyumba, ama uyafukie ama uhame. Kaishi Magomeni, jirani na bonde la Msimbazi, tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo kanuni hiyo hakuisoma kitabuni. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpandishe ndege hadi Alicante, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Hispania, halafu umwambie kwamba leo mnakwenda kutembelea mahali ambapo halmashauri imetoa fedha, ikachimba, ikaacha maji yatuame, katikati ya maghorofa ya watu.

"Wametoa fedha?"

"Wametoa, Mama."

"Kwa hiari yao?"

Ukweli ni kwamba bustani hiyo haikuwa chaguo la kwanza. Mgeni wa Alicante hupelekwa kwanza kwenye ngome ya Santa Bárbara, iliyo juu ya mlima Benacantil, na kwa wenye magoti kama ya Mama kuna lifti iliyochongwa ndani ya mwamba. Mama aliitazama ngome kutoka chini, akasema ngome ameshaiona Mombasa, tena ile waliijenga Wareno na ina bahari mlangoni, hii ya mlimani waende wenye shida. Ufuo wa San Juan nao ulimshinda kwa sababu nyingine. Tulifika, tukakuta wanawake na wanaume wa rika lake, wajukuu wanao, wamejianika juani katika hali ambayo mpaka leo hapendi kuisimulia mbele ya watoto. Alifungua mwavuli wake, akauelekeza upande wa bahari kama pazia, akaniambia: "Mwanangu, nipeleke penye miti."

Penye miti karibu na hapo ni La Marjal.

Ni bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 2015, ukubwa wake kama viwanja vitano vya mpira. Siku za kawaida ukiingia utaona matete, maji yaliyotulia, njia za kutembea, kilima kidogo cha kupanda ukitaka kutazama mbali, na ndege wa majini wanaoogelea bila haraka. Lakini imechimbwa chini ya usawa wa mitaa inayoizunguka kwa makusudi. Mvua kubwa ikinyesha na mifereji ya chini ya barabara ikaelemewa, maji ya ziada huelekezwa humu badala ya kupanda kwenye maegesho ya chini ya maghorofa na kuogelesha magari ya watu. Yatakaa humo mpaka mabomba yapate nafasi, kisha yatatolewa taratibu. Bustani inaweza kubeba mita za ujazo 45,000. Wenyewe hupenda kusema hayo ni mabwawa 18 ya kuogelea ya Olimpiki.

Mama hana uzoefu na mabwawa ya Olimpiki. Kipimo chake ni dumu la lita 20. Tukakaa kwenye benchi, nikatoa simu, tukapiga hesabu: madumu 2,250,000.

Akanyamaza kidogo. Kuna mwaka maji ya bomba yalikuwa adimu kwetu, dumu likapanda bei kila wiki, na naona kichwani alikuwa anazidisha.

"Na hawayauzi?"

Nilimweleza kwamba huku shida ni jinsi yanavyokuja. Alicante kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 300 hivi. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Ungedhani watu wa huku wanaililia mvua tu. Lakini ikifika Septemba na Oktoba, bahari ya Mediterania ikiwa bado na joto la kiangazi, hewa ya baridi hushuka juu yake kutoka kaskazini, na mvua ambayo ingegawanywa miezi kadhaa humwagwa kwa mkupuo mmoja. Tarehe 30 Septemba 1997 mji huu ulipata zaidi ya milimita 200 kwa saa chache, na watu walikufa. Ndipo wakaanza kufikiri maji yawekwe wapi. Mama alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Watu waliochukuliwa na maji hawana utaifa kwake.

Huruma ilidumu mpaka alipoanza kuwaza mbu.

Kwetu, kila masika bwana afya hupita nyumba kwa nyumba akihubiri: fukia madimbwi, angamiza mazalia. Mama amefukia madimbwi maisha yake yote, amemwaga maji ya matairi ya watu hata yasiyomhusu, na mara moja aligombana na jirani kwa ajili ya kifuu cha nazi. Hapa akatazama dimbwi ambalo lina uzio, lina mlinzi na lina taa. Akashika shavu. Nikamwambia Hispania ilithibitishwa kuwa haina malaria mwaka 1964. Hilo halikumtuliza hata kidogo, likamuudhi.

"Yaani wamekwisha kuimaliza, ndipo wakachimba dimbwi?"

Nikaongeza kwamba mwaka 1921 waliwahi kuleta samaki wadogo kutoka Marekani wawatafune viluwiluwi wa mbu, na samaki wale wamezaana hadi sasa wanawabana samaki wa asili. Nilidhani nimemfurahisha kwa elimu. Alijibu kwamba ndiyo shida ya kuajiri mgeni kwa kazi ambayo ufagio ungeimaliza, kisha akajifunika miguu kwa kanga hadi kwenye vidole, tayari kwa vita.

Ndani ya bustani kuna mabango yenye picha za ndege. Mama alisimama mbele ya moja kwa muda mrefu. Hakuwa anasoma, maana maandishi yalikuwa ya Kihispania na miwani ilikuwa nyumbani. Alikuwa anahesabu. Bata shingo ya kijani ana picha yake. Kukuziwa mwenye mdomo mwekundu ana picha yake.

"Sisi nyumba zetu bondeni zilichorwa X nyekundu," akasema. "Bata hapa kachorwa mwenyewe."

Watu wa Dar mnaijua ile X ya nyumba za kubomolewa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya jamaa wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, huko ambako wakati ule ukitaka kwenda sokoni unaaga kama unasafiri. Wengine walirudi bondeni, na miaka michache baadaye rangi nyekundu ikapita kutani. Mama yeye yuko upande wa juu, X haikumfikia, lakini dada yake, Mama Mdogo, alipata yote mawili, Mabwepande na X, na hadithi hiyo bado inasimuliwa kwenye kila shughuli ya ukoo, kwa sauti, hasa anapokuwepo mtu wa serikali.

Njaa ikatukumbuka. Mama hatoki nyumbani bila hotpoti, na asubuhi ile alikuwa amepika vitumbua katika jiko langu, kwa kikaangio ambacho hakikutengenezwa kwa ajili hiyo, akivigeuza kwa uma huku akikilaani. Alipofungua kifuniko, iliki ikatoka, na nadhani iliki haijawahi kusikika katika bonde lile. Bata mmoja akatoka majini. Wakafuata wengine. Kuna bango linalokataza kulisha ndege, na nikamwonyesha Mama.

"Nani anawalisha? Mimi nakula."

Na kweli hakuwalisha, waliiba. Yule wa mbele alipanda juu ya kiatu changu, akanyoosha shingo, akachukua kitumbua kwenye ukingo wa hotpoti kwa ustadi wa konda anayepokea nauli dirishani, akarudi majini nacho. Kikaelea. Wenzake wakamfuata kwa kelele, na kukuziwa waliokuwa wamejificha kwenye matete wakajitokeza kuona kuna nini. Kwa dakika nzima sehemu ile tulivu ilikuwa Kariakoo. Mama alisimama na ndala mkononi, lakini hakurusha. Alikuwa anatazama kitumbua chake kinavyokaa juu ya maji bila kuzama.

"Hamira imeumuka vizuri," akasema, akavaa ndala.

Kelele zile zilimleta mzee mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa mdogo mweupe. Huyo ndiye aliyemshangaza Mama kuliko bustani yote. Mkono mmoja kashika kamba na vifuko vya plastiki, mkono wa pili kashika chupa ya maji. Mbwa akainua mguu kwenye nguzo ya taa ya nje ya geti. Mzee akasubiri kwa heshima, akafungua chupa, akaimwagia nguzo. Ni desturi ya miji mingi ya Hispania, na mahali pengine ni sheria: mbwa akikojoa, mwenye mbwa anasuuza. Mama alimtazama mpaka akamaliza.

"Anamtawaza mbwa?"

"Hapana, Mama. Anatawaza nguzo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mzee, kwa kuona mama wa heshima aliyevaa kanga anacheka, naye akacheka, akainamisha kichwa kumsalimu. Mama akamwitikia "marahaba". Ni kawaida yake akiwa ugenini: shikamoo haletewi, ila marahaba anaigawa mapema ili asidaiwe.

Na hapo ndipo mbingu ilipobadilika.

Simu yangu ilikuwa imelia asubuhi, onyo la hali ya hewa la rangi ya njano, ambalo huku hutolewa kwa mvua ambayo kwetu isingezuia hata kuanika nguo. Tone la kwanza likaanguka kwenye kifuniko cha hotpoti. Likaja la pili. Mlinzi akatokea kwenye njia akiwa na koti linalong'aa, akawa anapita kwa kila aliyeketi, akisema kwa upole lakini bila mjadala kwamba bustani inafungwa.

Mama alikuwa ameshafungua mwavuli. Kwake jambo lilikuwa limemalizika.

"Anasemaje?"

"Anasema tutoke, mvua inakuja."

"Mwambie nimeiona."

Nikamtafsiria mlinzi kwa maneno laini zaidi. Akaeleza tena, akionyesha kwa mikono jinsi maji yanavyoweza kuingia upesi kutoka chini ya barabara, na bustani ikajaa kutoka pembeni hata pale mvua yenyewe inaponyesha mbali. Jamaa ana haki, na kanuni ni nzuri, maana sehemu hii ni shimo lenye mabenchi. Lakini jaribu kumweleza hivyo mwanamke aliyevuka Jangwani kwa miguu barabara ya Morogoro ikiwa imefungwa, maji kiunoni na kuku kichwani.

"Ngoja nielewe," akasema Mama. "Hii bustani wameijengea mvua."

"Ndiyo."

"Sasa mvua imekuja, sisi tunatoka."

"Ndiyo, Mama."

"Yaani mwenye nyumba karudi, wapangaji nje."

Nilipomtafsiria mlinzi hilo, alisimama akalifikiria, akasema kwamba kwa kweli ni hivyo hasa. Kuanzia hapo wakaelewana kunizidi mimi. Yeye alisema Kihispania, Mama akajibu Kiswahili, na walikubaliana kwa kila kitu mpaka getini. Pale Mama akafungua hotpoti, akampa vitumbua vilivyobaki vikiwa vimefungwa kwenye karatasi. Mlinzi akasema hawezi kupokea akiwa kazini. Mama akaviweka mfukoni mwa koti lake linalong'aa, akafunga na zipu.

Tulijibanza chini ya turubai la mkahawa ng'ambo ya barabara, pamoja na yule mzee na mbwa wake, kuangalia mafuriko yakiingia. Mama aliagiza chai, akaletewa maji moto na kijikaratasi chenye kamba, akaviacha mezani kila kimoja upande wake. Njiani nilikuwa nimemwambia kwamba hata kwetu kuna mpango wa namna hii: mradi wa Bonde la Mto Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, una daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya jiji pale pale yanapopita maji. Alikuwa ameguna tu. Sasa, macho yakiwa getini, akarudi kwenye habari hiyo mwenyewe: je, hiyo ya Jangwani nayo itakuwa na mlinzi wa kuwafukuza watu mapema, au watafukuzwa na maji kama zamani? Na mama ntilie wataruhusiwa ndani? Maana bustani ya Dar isiyo na mama ntilie, alisema, wataingia bata peke yao.

Mvua ikanyesha kwa muda wa kunywa kahawa moja ya yule mzee, ikakata. Jua likatoka. Halikuingia hata dumu moja. Mama alikuwa kama mtu aliyekata tiketi ya sinema, umeme ukakatika. Aliuliza kama yatakuja baadaye, kama tungoje kidogo, kama labda mlinzi anajua ratiba.

Kwenye tramu ya kurudi mjini akamrekodia Mama Mdogo ujumbe wa sauti, kwa sauti ile anayoitumia akijua simu iko mbali na Tanzania, behewa zima likisikiliza. Alisimulia kwamba tulikwenda mahali pazuri penye bata, mafuriko yakatangazwa, akaja askari akatutoa sote, na vitumbua vikachukuliwa. Vingine na bata, vingine na askari. Nilimwambia hilo la mwisho si sawa. Akanionyesha kwa kidole ninyamaze, anarekodi.

Jibu likaingia kabla hatujafika kituo kinachofuata. Mama Mdogo hakuuliza bata, wala askari, wala kama tuko salama.

"Poleni, dada," akasema. "Mabwepande yao iko wapi? Na viwanja mmepewa, au bado mnaandikishwa?"